Hesabu ya Ngamani

Rowdha, Julai, saa nne asubuhi.
Gati linaunguza hata ndani ya viatu.
Muadh amenipigia kutoka Nizwa, kwenye mitende yake:
"Thuwaiba, nipimie. Usinifiche kitu."

Basi napima.

Futi thelathini na nane, faiba, mlingoti mmoja.
Paneli za sola tatu, moja ina ufa.
Mashine ya kuchuja chumvi: imelala miaka mitatu,
utando wake umekauka kama pweza wa kuanikwa.
Mnyororo wa nanga, mita themanini;
hamsini za mwanzo zimesuguliwa na mchanga wa bandari nyingi,
thelathini za mwisho hazijawahi kulowa.
Tanga la dhoruba: jipya. Mikunjo ya kiwandani bado mikali.
Birika: lilitoboka, likazibwa, likatoboka tena.

Kati ya tanga hili na birika hili
nawajua wenyewe, Henning na Birthe wake.
Waliukimbia upepo mbaya, wakanywa chai.

Kwenye daftari lao, penseli, Kideni nisichokisoma.
Tarakimu nazisoma. Zinateremka ukurasa mzima,
kisha Maskati, kisha weupe.
Mlinzi anasema ulikuwa moyo wa mama,
ikaja gari ya hospitali, halafu ndege.
Chombo kikabaki na kamba zake nne
kama mtu aliyeambiwa, ngoja hapo, narudi sasa hivi.

Bibi yangu, aliyezaliwa Wete akafia Ruwi,
hakuchoka kunikumbusha:
enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Nilidhani ananisema kwa utoro wangu.

Leo nimepiga magoti, tochi mdomoni,
nimeng'oa ubao wa sakafu.
Maji. Kama kikombe na nusu. Meusi.
Jasho langu linadondokea humo humo, linaniharibia ushahidi.

Nafuta uso. Nachovya kidole upande wa pili.
Yakiwa ya chumvi, bahari imeshapata mlango,
na Muadh abaki na tende zake.

Naonja.

Tamu.
Tamu yenye harufu ya plastiki: linalovuja ni tangi,
mwili mzima.

Simu inalia kabla sijanyanyuka.
"Eh? Itafika wapi?"
Namtajia bei ya mpira wa tangi, riali kumi na mbili.
"Nimekuuliza itafika wapi."
Namwambia lile birika asilitupe.