Sunneva Hakumbuki

Visiwa vya Faroe, 1846

Asubuhi hii tena amemwita mkwewe Billa
kwa jina la dada yake aliyezikwa zamani,
akauliza kama kondoo wameshanyolewa,
na ni Mei, na nje mvua inapiga mshazari,
na paa la nyasi linavuja juu ya kitanda cha tatu.

Nyumba nzima imelala.
Si usingizi. Ni surua.
Ilishuka bandarini na baharia mmoja mchangamfu
mwenye kikohozi kidogo na zawadi ya sukari,
na kabla mwezi mwingine haujaandama
kijiji hakina mtu wa kuvuta kasia.
Macho mekundu. Vipele nyuma ya masikio.
Hanus mdogo hataki hata mwanga wa taa.

Sunneva peke yake yuko wima,
miaka sabini na mmoja,
anabeba ndoo, anachochea moto,
anainamia kila pumzi chafu
kama mtu anayenusa mchuzi.

Jirani anasema ni maombi.
Jirani wa pili anasema mengine, kwa sauti ya chini.

Alikuwa na miaka sita ilipopita mara ya kwanza.
Mama yake alimvika soksi mikononi asijikune.
Hakumbuki. Hata kovu haikumwachia.
Lakini ndani kabisa, kwenye uboho wa mfupa,
zilibaki chembe chache zisizojua kustaafu,
zimeichora sura ya yule adui na kuikunja vizuri.
Yeye akaolewa, akazaa saba, akazika wanne,
akasahau zaburi, akasahau njia ya kisimani;
zenyewe zikakaa na mchoro wao,
miaka sitini na mitano.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.
Visiwa hivi havina nyoka.
Damu yake inashtuka vilevile.

Virusi vinaingia puani bila hodi
na kukuta mlangoni pana mtu.
Hapana tarumbeta, hapana vita vya kuhadithiwa:
kingamwili zinavikumbatia, mbili hapa, elfu pale,
zinavibana visishike ukuta wowote,
kisha zinakuja chembe-walaji,
kubwa, za polepole, zinameza.
Yote hayo Sunneva akimenya kiazi.
Anapiga chafya moja
na kuulaumu moshi.

Hanus alikufa Jumanne.
Miaka mitatu. Mwili wake ulikuwa ndiyo kwanza unajifunza,
umeshika herufi za mwanzo tu,
na somo lile linataka siku
ambazo mapafu yake hayakuwa nazo.

Ijumaa wengine wameketi, wamekonda, wana njaa.
Sunneva anapanga bakuli nane mezani.
Anahesabu vichwa. Anahesabu tena.
"Na yule mdogo?"
Billa anamwambia.
Analia kilio cha mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

Jumamosi anapanga bakuli nane.