Ota

Alikuja Jumanne, mvua imekatika,
suruali imekunjwa, tope la Soroti hadi gotini,
daftari la hesabu kwapani.
Jina lake Govindankutti. Wanafunzi walishalipogoa:
Mwalimu Kuti, jani la mnazi,
katika mji usio na mnazi hata mmoja.

Akafungua ukurasa wa miraba, akanionyesha mchoro:
kitu kilichopinda kama mkonga wa tembo anayenusa,
kifundo nchani, urefu dhiraa na shibiri.
"Kinaitwa ota," akasema.
Nikacheka. Neno hilo kwetu lina kazi nyingi:
mbegu huota, mgonjwa huota akapiga kelele,
paka huota jua juu ya mbao zangu.
"Na hiki chako huota nini?"
"Hiki hupiga. Ni silaha."

Nikarudisha penseli sikioni.
Mimi Okwalinga hutengeneza vitanda, fremu za madirisha,
majeneza ya watoto kwa bei ya mbao tu.
Silaha zilishapita hapa.
Siku ng'ombe wetu sitini walipoondoka na ndama wao,
nyuma yao watu wenye bunduki,
mkuki wa baba ulikuwa darini.
Hata kushushwa haukushushwa.

Hakubishana. Aliketi juu ya gogo
akahesabu kwa vidole vyenye chaki:
kwanza mwili, na mafuta ya ufuta hadi ngozi ing'ae;
kisha mti, fimbo ndefu kupita kimo chako,
fimbo fupi ya shibiri tatu, halafu ota;
ndipo chuma: jambia, mkuki, upanga na ngao,
na ule upanga mwembamba unaovaliwa kiunoni kama mshipi,
ukifunguliwa unalia.
"Na mwisho?"
"Mwisho mikono mitupu."
"Safari yote hiyo," nikasema, "kurudi ulikotoka?"
"Sijui. Mimi niliishia kwenye fimbo fupi."
Mwalimu wake alimwambia asubiri masika mawili.
La kwanza lilikuja.
La pili lilimkuta Mbale, mbele ya ubao,
akichora pembetatu.
Miaka thelathini na minane sasa.

Nilikubali kwa ajili ya mti, si kwa ajili yake.
Alitaka mkwaju. Epeduru!
Sisi twaungia atapa matunda yake, nani aliwahi kuupigania?
Nilikuwa na tawi kutoka Katine, radi ililiangusha,
lilikuwa limejipinda lenyewe.
Kiini cheusi kama damu ya jana.
Kiliniulia misumeno miwili na ulimi wa randa.
Etolu, kijana wangu wa kazi, alisugua msasa siku tatu
akiuliza kama vitanda tumeacha.

Alipokuja kuchukua, hakuchukua.
Alivua viatu mlangoni, akakanyaga maranda kwa nyayo tupu.
"Hii hupewa mtu. Nipe wewe."
"Mimi si mwalimu wako."
"Wewe umekaa nayo. Mimi bado."

Nikafuta gundi mikononi.
Nikaishika kwa mikono miwili, kama ninayepokea,
nikampa.

Akateremka, mzee yule, tumbo likakaribia udongo,
goti moja huku, jingine kule,
na mkonga ukaanza kunusa hewa,
ukaandika nane, ukaifuta, ukaandika tena.
Goti lililia kama bawaba kavu. Hakuinuka.
Kifundo kikaja kusimama chini ya sikio la Etolu,
unywele mmoja tu kati yao,
na Etolu, msasa mkononi, akasahau kumeza mate.
Kisha mwalimu akaomba radhi, akakohoa, akatafuta miwani yake.

Shilingi elfu hamsini,
noti zilizolala katikati ya daftari lile.
Nikafungua leja. Kando ya bei
pana nafasi ya kuandika ulichotengeneza.
Nikaweka kalamu, nikaiondoa.
Mwishowe niliandika: mguu wa kiti, mmoja.

Jioni nikapanda ngazi.
Mchwa walikuwa wameanza mpini wa mkuki wa baba.
Nikaushusha, nikaulaza mezani
ulipokuwa umelala mkwaju,
nikachukua penseli, nikapima.