Nyembamba Hutangulia

Tukuyu. Mvua imeezeka bati juu ya bati.
Baba, Fundi Ambakisye kwa mji mzima,
ana bisibisi mdomoni, redio ya jirani imepasuliwa tumbo.
Birika linapiga mluzi jikoni. Hasikii.
Lori la chai likikoroma kona ya Kyimbila, anainua kichwa:
“Injini ile imechoka.”

Grafu yangu iko mezani, kati ya nyanya chungu na waya wa kuchomelea:
galaksi moja, haina jina, ina namba tu.
Anauliza mstari huu mbona unaporomoka
kama mteremko wa Kiwira.

Elektroni, baba.
Zilirushwa zingali changa, uga wa sumaku ukazinasa,
zikawa kama mbuzi kambani, zinazunguka, zinazunguka,
na katika kuzunguka ndiko redio inakotoka.
Uga ukiwa mkali zinang’aa zaidi,
na kuzeeka upesi zaidi.

“Kumbe kinachoziimbisha ndicho kinachozila.”

Ndicho.
Zenye nguvu nyingi huishiwa kwanza.
Masafa ya juu yananyamaza,
yanabaki ya chini, mawimbi marefu,
yakinguruma miaka milioni mia.
Kwa mteremko huo tunakadiria umri.

Anatoa bisibisi mdomoni.
“Na mimi? Mmeshanipigia hesabu?”

Sicheki. Naenda kuepua birika,
limekaribia kukauka.
Nikiwa mlangoni namwita, si kwa kelele:
kwa besi, kutoka chini ya kifua, kama lori la chai,
naye anageuka
mara moja.