Kipimo cha Kifua

Murhula, mume wangu, ni fundi cherehani Kadutu.
Ananijua kwa sentimita: bega, kiuno, nyonga,
na kifua tisini na sita, namba aliyoiandika kwa chaki
ukutani mwa duka, mwaka ule wa posa,
akijidai ni ya mteja.

Mwezi wa tatu walikata upande wa kushoto.
Sikumwonyesha.
Miezi saba nimevua nguo gizani,
nikamgeuzia mgongo kama ukuta wa jirani,
na umeme wa mtaa wetu, unaokatika kila siku bila kuombwa,
usiku ninaotaka ukatike, unawaka.

Nilimwambia hamu imekwenda na nywele.
Nusu ilikuwa uongo.
Dawa ya mishipani inakausha kinywa,
inakausha na kule chini,
pakawa kama barabara ya Essence wakati wa kiangazi,
kisha aibu ikaja kumalizia kilichobaki.

Dada Nabintu, muuguzi, miwani yake imefungwa kwa uzi,
alikuwa akitafuta mshipa mkononi mwangu.
Nikamuuliza huku natazama dirisha,
kama anayeulizia bei ya makala:
"Na mambo ya kitandani?"
Hakucheka. Wala hakushusha sauti;
mama wa kitanda cha nne akageuza sikio lote.
"Ugonjwa huu hauambukizi kwa kulala na mume.
Siku za kwanza baada ya dripu, kondomu.
Homa ikipanda, ngojeni.
Pakikauka, kuna mafuta yake, nitakupa chupa.
Si mawese, unisikie!"
"Na mimi niwekee," akasema wa kitanda cha nne.
"Mwili ukipata raha," dada akabandika plasta,
"usingizi huja wenyewe, maumivu hupunguza kelele.
Kansa haiponi kwa hilo, nisikudanganye.
Lakini mimi nauguza mtu mzima."

Nikapanda ngazi za udongo hadi nyumbani,
chupa nimeificha kwenye kitenge, kando ya kovu,
pale nilipozoea kuficha pesa ya sambaza.

Usiku Murhula alikuwa anapiga pasi ya makaa.
Watoto wako kwa shangazi yao Nguba. Mvua juu ya mabati.
Nikasema: "Lete utepe."
"Wa nini saa hizi?"
"Nipime."
Akaelewa taratibu, kama anavyoelewa kitambaa:
kwa kukishika kwanza.
Taa ilikuwa inawaka. Niliiacha.
Utepe ukapita chini ya kwapa, ukapita juu ya kovu,
ukatetemeka, sijui ni mkono wake, sijui ni mimi.
"Themanini na tisa."
Sauti ilimkatika kwenye tisa.
Akainama, akalibusu kovu toka mwanzo wa mshono hadi mwisho,
akasema, fundi huyu:
"Walioshona hapa walikuwa na haraka."
Nikacheka mpaka nikakohoa.
Sikuwa nimecheka uchi tangu mwezi wa tatu.

Hatukukimbia. Mara mbili tuliacha:
mara moja bega liliuma,
mara moja chupa ilidondoka uvunguni
na mwanamume wa miaka arobaini na nane akaingia kuitafuta,
matako juu, akizilaani mbao.
Kisha ule ujoto, niliodhani wameutupa pamoja na nyama ile,
ukaja kutoka mbali
kama maji ya bomba la Kadutu:
kwanza sauti,
halafu hewa,
halafu, kweli, maji.

Nikalala. Sikuisikia saa sita, wala saa nane, wala saa tisa,
saa ambazo miezi yote hii nimekesha nazo kama wakwe.

Asubuhi bega liliuma vilevile.
Nilipita dukani nikielekea kwenye dripu ya tano.
Ukutani tisini na sita bado ipo, imefifia,
na chini yake, chaki mbichi, themanini na tisa.
"Ya nani hiyo?"
"Ya mteja," akasema,
bila kuinua uso kwenye cherehani.