Kuwa Mara Mbili

Miaka thelathini na mmoja Profesa Cibalonza
alifundisha Kihispania katika mji usio na Mhispania,
ukiondoa masista wawili wa Nguba
waliokuja kwake kunywa chai
na kubishana juu ya herufi z.

Idara yake: chumba kimoja, dirisha moja,
kabati la vitabu ambavyo panya walivisoma kabla yetu.
Mwaka wetu tulikuwa wanne. Uliofuata, mmoja,
na huyo alikuwa amekosa nafasi ya udaktari.

Mkuu wa chuo alimwuliza: Mama, lugha hii inaleta nini?
Akajibu: Imenileta mimi mlangoni kwako
tangu mwezi wa tatu, kuulizia mshahara.

Jumamosi alishuka Kadutu na ubao mdogo,
akausimamisha kati ya mama wa sombe na fundi wa redio.
Akaandika meza. Chini yake, mesa.
Sukari, azúcar. Limau, limón.
"Mnaona? Mmekitumia miaka yote bila kulipa.
Nimekuja kudai."
Mama M'Lwango akaomba apunguziwe deni.

Halafu ule msimu watu waliposhuka na magodoro,
mmoja akakaa juu ya lake, akasema:
Mimi niko mukimbizi. Hayo yako yatanisaidia nini?

Hakumjibu upesi. Akafuta ubao kwa ncha ya kitenge.
Kule, alisema, wana njia mbili za kuwa:
soy, kwa lile lisilokutoka hata ukilala;
estoy, kwa pale ulipo, mvua ikinyesha, homa ikipanda.
Sisi wa Bukavu moja tumeitupa.
Niko mwalimu, niko mgonjwa, yote tunayafunga fungu moja
kama makala.
"Niazime ile uliyoiacha shuleni, baba.
Wewe ni nani?"

Akafikiri. Redio ya fundi ikakoroma, ikanyamaza.
— Mimi ni seremala.
"Na uko wapi?"
— Niko ukimbizini.
"Basi, umeshaongea Kihispania."

Alistaafu Juni. Chuo kilisahau hotuba.
Seremala alimletea meza ya mkaratusi,
mguu mmoja mfupi;
ameukingia tasnifu yake ya Salamanca,
anasema hatimaye imepata kazi.

Nilimpitia juzi, umeme umekatika.
Nikamuuliza hali.
Niko muzee, akasema,
akasukuma kikombe cha chai
kwenye giza, upande wangu.