Kishoka cha Ilma

Kilikuja kwa posta, kimeviringishwa gazeti,
kimepakwa rangi nyeusi tii, makali butu:
ungekikalia usichanike.
Bei yake ya chini. Nilijua nanunua kazi.

Bega la Ilma lilipasuliwa mwezi wa tatu.
Wakatia skrubu mbili, na onyo:
shoka kubwa, basi tena.
Akamtazama daktari
kama mtu anayeangalia mvua kupitia dirishani,
akauliza msimu wa kulungu unafunguliwa lini.

Nikashuka chini ya nyumba, kwenye meza yenye jiliwa.
Nililoweka kichwa ndani ya siki usiku kucha;
nyumba nzima ikanuka achari.
Asubuhi rangi ilibanduka magamba magamba,
ikatoka sura ya chuma, ya kijivu, yenye mabaka,
kama Ziwa Superior linapokataa kuganda.

Tupa kubwa, tupa ndogo, halafu kinoo na mate.
Mashavu niliyakondesha,
maana shoka nene hulizaba gogo kofi, halilikati.
Kisogo nikakiacha bapa, cha kupigilia vigingi vya hema.

Mpini wa namna hii huingilia juu, kama wa sululu,
ukashuka hadi jicho la shoka liubane,
na kila ukitupa pigo unazidi kukaza.
Kiwandani walitia na skrubu. Niliing'oa.
Ilma anazo zake mbili, zinamtosha.

Mpini wenyewe ulikuwa wa hikori, mrefu,
wa mtu mwingine kabisa.
Nikamwita. Akashuka ngazi kwa ubavu.
Shika, nikamwambia.
Nikachora kwa penseli pale vidole vilipokomea,
nikakata, nikachonga, nikapiga msasa.
Shika tena.
Umenenepa kiunoni, akasema; sikujua mimi au mpini.
Nikachonga.
Mara ya tano hakusema neno,
alikipunga tu hewani, kidogo,
akaendelea kukipunga.
Miaka thelathini na minane nimeushika mkono ule
na sikuwahi kuupima.

Kilichofuata hakuna aliyeniagiza.
Niliubabua mpini kwa moto wa gesi, mistari kama ya paka shume,
nikaukandika mafuta ya kitani, siku saba, tabaka saba,
nikapigilia misumari midogo ya shaba kitakoni,
na pale gumba linapolala nikachonga jani
la mti uliotupa jina sisi akina Haapala,
na mishipa yake yote, kwa miwani miwili.

Jumapili nikampa.
Akakigeuza huku na huku. Kizuri, akasema.
Akaenda ghalani, akarudi na kopo la rangi ya chungwa,
ile tuliyopakia sanduku la barua.
"Reino, kitu cha rangi ya majani makavu
kikianguka kwenye majani makavu
kimeshakuwa mali ya msitu."
Akachovya brashi.
Misumari ikazama. Jani likazama.
Nilinuna mpaka Jumatano.

Novemba, kambini, theluji ya kwanza,
saa kumi na moja jioni na giza limeshakaza uzi.
Alipasua vijiti kwa mkono mmoja, amepiga magoti,
tk, tk, tk, pasipo kuinua bega,
akaenda kuchota maji, akarudi,
akasimama.
Hakumbuki alikiweka wapi.
Nikawasha tochi. Theluji, magome, theluji, mzizi,
theluji,
na kule nyuma ya kisiki, chungwa kali kama tusi.

Nilikiokota bila glavu.
Gumba langu likatumbukia kwenye mishipa ya jani.
Sikusema kitu. Nilikuwa bado na kinyongo kidogo,
nimekihifadhi.

"Hapo," akasema Ilma, bila kuangalia,
"hapo ndipo hakitelezi.
Ulifanya vizuri hapo.
Kiberiti unacho wewe au mimi?"