Adhabu ya Moshi

Julai, Barabara ya Enterprise, baridi ya kung'ata masikio.
Watu mia na ishirini wanaingia kwa zamu
kwenye vibanda vyeupe, chini ya taa nyekundu
inayoficha rangi ya wanachokunywa.
Kikombe kidogo, namba 583. Maji ya kusukutua.
Hawaambiwi kwamba ni maziwa lala
yenye vumbi la mkaa, kama ya kibuyuni,
ingawa haya yalilala katika pipa la chuma.

Sukari: pungufu, sawasawa, au imezidi?
Uchachu?
Moshi?
Na kwa jumla, moja hadi tisa, umeyapendaje?

Jioni Mutheu wa mauzo anakuja na jibu lake mkononi:
"Ongeza sukari. Arobaini kwa mia wamelalamika!"

Wamelalamika, kweli.
Lakini hapa adhabu si kiboko, wala si mpira wa kupigiwa golini.
Chukua alama za waliosema sawasawa,
toa alama za walionung'unika;
kinachobaki ndiyo faini tuliyotozwa.

Kwa sukari: sifuri nukta tatu.
Vyura wamepiga kelele usiku kucha,
na ng'ombe amekunywa, akalamba na ukingo.

Kwa moshi ni ishirini na sita tu.
Mpaka wetu ni mmoja kwa kila watano:
wangepungua watatu, ningewafunika, nikaenda nyumbani.
Kutoka saba nukta mbili hadi tano nukta moja.
Hawa hawakupiga kelele.
Walitia tiki, wakapangusa midomo, wakatuhukumu.

"Moshi ndio jina lenyewe," anasema Mutheu.
"Pakiti elfu arobaini zimeshachapwa."

Sisemi kitu.
Kipimo cha moshi nilikitoa mimi,
kwa ulimi uliolelewa Bomet,
ulimi ambao ukiulizwa, mpaka leo,
utajibu: sawasawa.
Nimekaa nikiitazama ile mbili nukta moja
kama mtu anayesoma barua ya shule
kuhusu mtoto wake.

Uchachu? Watu kumi na mmoja, faini kubwa kuliko zote.
Ni wachache. Wataishi chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo.

Kabla ya kuzima kompyuta naikuta fomu ya 094,
mama mmoja wa Mukuru, mwandiko wa kubonyeza sana.
Sukari, sawasawa. Uchachu, sawasawa. Moshi, sawasawa.
Kwa jumla: mbili.
Na penye maoni: *Hayana kosa. Sitayanunua tu.*

Nimetafuta safu ya kumweka, sina.
Yumo miongoni mwa walioridhika,
amekaa kimya katikati yao,
akiwavuta chini
kwa kiasi ambacho nukta moja haikionyeshi.